Kiende Alipokula Kwanza

Kila jioni Kiende alimpakulia mumewe Bundi. Alimngoja ale, ndipo naye apakue. Mama yake alifanya hivyo kule Mikinduri, naye hakujua njia nyingine.

Kisha chakula kikaanza kumkwama Bundi kooni. Kwanza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, baadaye hata viazi. Alikaa miezi mingi akidhani ni baridi. Hospitalini daktari alisema ni saratani ya koo, nayo imeshaenea.

Nyumba ikawa kimya. Bundi alimeza vijiko vichache vya uji, akageukia ukuta. Kiende aliketi kando ya sufuria akimngoja amalize. Hakumaliza. Basi sufuria ilifunikwa, na Kiende akalala njaa. Angekula vipi, na mumewe hajala? Majirani walipouliza, alisema ni vidonda vya tumbo. Kwa hiyo hakuna aliyekuja kumsaidia.

Asubuhi moja Kiende alianguka kwa njaa akikata majani ya ng'ombe. Kaari, mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye aliyemkuta. Alimpangusa matope usoni kwa leso yake mwenyewe, akamshika mkono hadi nyumbani.

Kaari alipoambiwa ukweli wa ugonjwa, aliketi na wote wawili. Aliwaeleza kwamba saratani haiambukizi, wala si aibu ya kuficha. Mtu akianza kukwamwa na chakula, aende hospitali mapema. Na anayemuuguza mwenzake huumia pia. Lazima ale, alale, na wengine wampokee kazi.

Kisha akamwuliza Kiende kwa nini hali chakula.

"Namngoja Baba Mutugi," Kiende alisema. Ndivyo alivyomwita Bundi, kwa jina la mtoto wao.

Bundi alicheka kidogo, sauti ikikwaruza. "Hata kuku wa hapa wanakula kabla yangu. Wewe unangoja nini, Mama Mutugi?"

"Nitamezaje mbele yako, na wewe chakula kinakukataa?"

"Mimi ninaondoka. Nikikuona ukikauka hivi, nitaondoka vibaya." Alivuta pumzi. "Kula hapa. Nikuone."

Kaari akapakua. Kiende alikula akilia, na Bundi akamtazama mpaka sahani ikawa tupu.

Jumapili Kiende aliwaambia akina mama wa kanisa ukweli. Mmoja alileta kuni. Mwingine alikata majani ya ng'ombe bila kuombwa. Wakapanga zamu za kukaa na mgonjwa, na Kiende akapata usingizi.

Bundi hakupona. Alifariki wakati wa mvua, mkewe akiwa amemwinua kifuani apate kupumua. Alikuwa amemshikilia hivyo tangu alfajiri, na kwa kuwa sasa alikula na kulala, mikono yake haikuchoka.