Udongo Kwenye Magaga

Mtungi mmoja ulikataa kukauka. Siku tisa za jua zilikuwa zimepita, na mitungi mingine thelathini bandani ilikwisha kuwa myeupe. Ukiigonga inalia kama kuni kavu. Huu, mkubwa kuliko yote, ulikaa pembeni ukitoka jasho kama mgonjwa wa homa. Fundi Nam aliupapasa, akanusa kiganja chake, kisha akakipangusa kwenye suruali.

"Ni unyevu wa sakafu tu," alisema. "Usogeze juani."

Bau akausogeza. Alikuwa amechoka, na si kwa kazi ya siku ile tu. Miaka sita nyuma, kipindupindu kilipowachukua wazazi wake katika wiki moja, Fundi alimkuta nyuma ya soko akila makapi ya shayiri, akamwambia neno moja: "Nifuate." Tangu hapo kazi yake ilikuwa kubeba udongo mgongoni na kuukanyaga kwa miguu mitupu hadi ulainike kama unga uliokandwa. Visigino vyake vilipasuka magaga yenye kina cha kumeza punje ya shayiri.

"We Bau," mkata kuni Guman alikuwa akimtania kila alipoleta mzigo, "hiyo ni miguu au ukoko wa wali? Angalia, siku moja tutakupanga tanurini na mitungi!"

Bau alicheka kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu. Kitu kimoja tu kilimfanya aamke asubuhi, nacho ni ahadi ya Fundi: "Tanuri la vuli likitoka salama, utakalia gurudumu la kufinyangia." Anayekalia gurudumu ni mtu wa nyumba. Anayekanyaga udongo ni miguu tu, na miguu mingine ipo tele sokoni. Mke wa Fundi, Bibi Okcheon, aliyeitwa kwa jina la kijiji alikotoka kama wanavyoitwa wake za watu, hakuwa amemwita Bau kwa jina hata mara moja. Alimwekea bakuli mlangoni, akaondoka. Wala hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu aliyemaliza maneno yake zamani.

Kwa hiyo Bau aliona aibu kusema alichokifanya wakati wa mvua.

Udongo wa kazi ulichimbwa nyuma ya mlima Maebong, mwendo wa nusu siku. Katikati ya mvua, visigino vikitoka damu, aligeukia mteremko wa magharibi, mahali ambapo majogoo wa nyumbani wanasikika wakiwika. Fundi alikuwa amemwambia mara moja tu, bila sababu: "Pale hapachimbwi." Lakini udongo wa pale ulikuwa laini ajabu, na chini ya mawe machache yaliyotawanyika kulikuwa na vigae vya mtungi wa zamani. Vigae hupondwa vikachanganywa na udongo ili mtungi mkubwa usipasuke, na hivi vilikuwa na mchoro wa wimbi la vidole vitatu, mkono wa Fundi mwenyewe. Bau akadhani ni mtungi uliovunjikia njiani. Katikati ya vigae kulikuwa na vitu vyembamba vyeupe. Akasema moyoni ni mizizi, ingawa hapakuwa na mti karibu. Akabeba vyote, akarudi nyumbani kwa njia ya mkato, moja kwa moja hadi mlangoni, akavikanyaga pamoja na udongo mwingine.

Sasa banda zima lilinuka maziwa yaliyochacha.

Siku ya kumi mtungi wa pili ukaanza kutoka jasho, na siku ya kumi na moja ikawa sita. Bau alipopita na fagio alisikia sauti ndogo, kama mtu anayenyonya kidole usingizini. Alisimama, sauti ikasimama. Akafagia, ikaendelea.

"Fundi," alinong'ona, "mitungi inapumua."

"Mtungi mzuri hupumua. Ndiyo maana mchuzi hauozi ndani yake."

"Hupumua kabla ya kuchomwa?"

Fundi Nam aliingiza mkono ndani ya mtungi mkubwa hadi bega, kama alivyozoea kukagua kitako, na Bau akaona uso wa mzee ukibadilika, rangi ikimtoka polepole kuanzia paji hadi kidevu, kisha mkono ukachomolewa kwa nguvu kana kwamba kuna aliyeushika huko chini. Waliinamisha mtungi kuelekea mwanga wa mlango. Chini kabisa, udongoni, kulikuwa na alama za viganja, vingi, vimepandiana, na kila kimoja hakikuzidi jani la ufuta.

"Udongo huu ulichimba wapi?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Maebong," Bau alisema. Alikuwa anaona gurudumu kwa pembe ya jicho.

Mchana wa siku iliyofuata mvua ilinyesha, na Bau alikwenda bandani kushusha mkeka wa mlango. Akasikia wimbo. Hakuwahi kumsikia Bibi Okcheon akiimba, kwa hiyo hakuijua sauti. Alimkuta amepiga magoti mbele ya mtungi mkubwa, kichwa chake chote kimezama ndani, akibembeleza kwa maneno ambayo mama humwambia mtoto anayekataa kulala; na alipoinua uso, Bau aliona kifua cha vazi lake kimelowa mahali pawili, yeye mwanamke wa miaka hamsini na nane ambaye mvi zake zimejaa kichwa.

"Funga mlango," Bibi alinong'ona. "Anahisi baridi."

"Nani, Bibi?"

"Usiwaruhusu wawashe moto. Watamchoma."

Bau alikimbia kumwita Fundi, na waliporudi, kabla hawajaufikia mlango, waliusikia wimbo umekuwa wa sauti mbili, ya mwanamke na nyingine nyembamba isiyo na maneno iliyofuata nyuma yake, na mvua ikipiga paa, na harufu ya maziwa ikiwajaa kooni hadi Fundi akatapika kizingitini, na walipousukuma mkeka walikuta miguu ya Bibi Okcheon tu iko nje, kiwiliwili chote kimevutwa ndani ya mtungi ambao mdomo wake haukuweza kupitisha mabega ya mtu mzima, na miguu ile ilikuwa ikitikisika taratibu, bila kupambana, kama miguu ya mtu aliyelala vizuri.

"Mteremko wa magharibi!" Bau alipiga kelele. "Fundi, nilichimba mteremko wa magharibi! Vigae vilikuwa na wimbi lako! Nisamehe, vunja, vunja!"

Fundi Nam alichukua nyundo ya mbao ya kupigia kuta za mtungi. Alikuwa amevunja mitungi mibovu maisha yake yote bila kupepesa macho. Safari hii alipiga mara tatu ndipo udongo ukapasuka. Bibi Okcheon alianguka nje akihema, nywele zake zimesukwa visuko vidogo vidogo, vyenye unyevu, vilivyokazwa na vidole ambavyo hawakuviona.

Walimleta mganga kutoka ng'ambo ya mto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Hakutaka kengele wala ngoma kwanza. Alitaka kusikia.

Fundi alisema akiangalia sakafu. "Alikuwa mtoto wetu. Miaka thelathini iliyopita. Hakufika siku mia, kwa hiyo hatukumpa jina. Nilimtia mtungini, nikambeba kwapani, nikaweka mawe juu. Nikarudi kwa njia ya mzunguko, kama inavyotakiwa, ili asiijue njia ya kurudi nyumbani."

"Na huyu kijana amemrudisha kwa njia iliyonyooka," mganga alisema. Alimtazama Bau bila hasira. "Hukuambiwa?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Mambo hayo hayasemwi," alisema Fundi.

"Basi mmeona faida ya kutosema." Mganga alisimama. "Vunjeni yote. Si mmoja. Udongo wote urudi, ulio kwenye gurudumu, kwenye mbao, kwenye majembe, hata chini ya kucha. Ukibaki kiasi cha punje, atakaa hapo hapo kwenye punje. Na akiita, asiitikiwe na mtu. Kila anayeitika anamwongezea nguvu."

Kazi ile ilichukua siku mbili. Walivunja mitungi yote ya mwaka, ile ambayo wanawake wa bonde waliisubiri kutilia kabichi ya majira ya baridi, wakabeba vigae mgongoni hadi mteremkoni. Mganga alipiga ngoma, akamwita mtoto kwa upole, akamlaza, wakapanga mawe upya. Guman alisaidia na hakutania mtu. Bau alikwangua kucha zake kwa kijiti hadi zikatoka damu. Walirudi kwa njia ya mzunguko, kimya, wakipitia mashamba ya mpunga ya watu, na Bibi Okcheon alikuwa wa mwisho. Hakulia. Alitembea nyuma ya Bau akiangalia chini.

Jioni Bau alifunga kifurushi chake.

"Unakwenda wapi?" Fundi aliuliza.

"Nilidhani utanifukuza."

"Nimechoka kuzika, na nimechoka kufukuza." Mzee aliketi kizingitini kwa shida. "Kesho nenda Maebong. Maebong kweli. Ukirudi, ukalie gurudumu. Mimi bega langu halitaki tena kuingia mtungini."

Hivyo ndivyo alivyolipata, bila tanuri la vuli. Siku ya nne alifinyanga mtungi mdogo wa kwanza, umepinda kidogo shingoni, na Fundi akasema haufai lakini hakuuvunja.

Na Bibi Okcheon akabadilika. Alimwekea Bau bakuli ndani, karibu na moto, wali juu ya shayiri na yai juu ya wali. Alimshonea soksi. Usiku Bau akiwa amelala alihisi mtu ameketi miguuni pake, akivuma wimbo, kiganja chenye joto kimefunika visigino vyake, na hakufumbua macho kwa kuogopa angeondoka. Miaka sita alikuwa ameutaka mkono huo. Alilia kidogo, kimya, kwa raha.

"Umeshiba, mwanangu?" Bibi aliuliza asubuhi.

"Nimeshiba."

Alipoinua uso kumshukuru aliona kwamba Bibi hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiitazama miguu yake. Kifua cha vazi lake kilikuwa kimelowa.

Bau alitoka nje, akaenda mtoni, akaketi juu ya mwamba na kuugeuza mguu. Ndani ya magaga, kule ambako kijiti hakikufika, kulikuwa na mistari ya udongo laini, mweusi, uliokataa kukauka. Alikuwa ameukanyaga mwezi mzima. Aliinama, akatega sikio. Ulikuwa unanyonya.

Kulikuwa na jiwe la kusugulia pale pale, kubwa kama ngumi, lenye makali ya kutosha. Angesugua hadi kwenye nyama, maji yangeuchukua, na jambo lingekwisha. Halafu bakuli lingerudi mlangoni. Alilishika jiwe kwa muda mrefu, maji yakipita baridi kati ya vidole vyake.

"Mwanangu!" Sauti ya Bibi Okcheon ilitoka nyumbani, changa, yenye furaha. "Mwanangu, njoo ule!"

Bau alilitupa jiwe mtoni. Alivaa soksi alizoshonewa, kisha viatu vyake vya majani ya mpunga, akavikaza vizuri.

Kisiginoni kitu kiliitika kabla yake.

"Naam, mama," Bau naye akaitika, akaenda.