Nyota ya Tatu

Kipimamweko, mashine ya kupima mwanga wa nyota, kilifumbua kope zake za shaba juu ya mji wa Kitulo, kikaipekua mbingu kama mbwa wa mawindo. Kazi yake ni moja: kusubiri nyota ife. Nyota za namna ile zikipasuka hung'aa sawasawa, kama taa zilizotiwa mafuta kwa kibaba kimoja. Ukiona mwanga wake hafifu, ujue iko mbali. Ndivyo wanadamu walivyong'amua kwamba ulimwengu unatanuka, tena unazidi kushika kasi.

Hayo, hata hivyo, yalikuwa mambo ya huko mbali mno. Asubuhi hiyo nyota ilipasuka jirani, ikaonekana hafifu kuliko ilivyostahili.

"Ya pili hii," alisema Daktari Bupe, mpimaji wa kituo. "Anga inatanuka hata hapa karibu. Ni kama kutembea juu ya mkeka huku msusi anaongeza ukili katikati. Ambokile, tuwaite warudi."

Warudi nani? Watu wa chombo Mwenge, waliokuwa njiani kwenda kufungua makazi kwenye sayari ya ugenini. Lugano, binti wa pekee wa Bupe, alikuwa miongoni mwao.

Ambokile, mkuu wa kituo, akakuna kidevu. "Dada Bupe, sheria uliitunga mwenyewe. Nyota mbili ni uvumi, tatu ndiyo habari. Tukiwarudisha bure, nani atapanda chombo tena?"

"Na tukichelewa?"

"Mwanao yumo, ndiyo maana moyo unakwenda mbio. Subiri."

Neno hilo lilimchoma, maana wangapi aliwaambia vilevile! Akasubiri.

Siku moja redio ikaleta sauti ya Lugano, imejaa kicheko.

"Mama, kitendawili! Najua umesema tega. Naenda kwa shangazi. Nikipiga hatua moja, nyumba yake inapiga mbili. Huku wameshindwa wote, nahodha anasingizia mitambo mibovu. Wewe hujawahi kushindwa!"

Bupe alilijua jibu kabla sauti haijakatika. Jibu la kitendawili kile ndilo habari yenyewe, na habari ilikuwa haijatimiza nyota tatu. Akazima redio.

Nyota ya tatu haikuwa na haraka. Viazi vya Kitulo vikapandwa, vikavunwa. Ndipo kope za shaba zikafumbuka, king'ora kikalia. Hafifu! Hafifu kupita zile mbili.

"Waite!" alipaza sauti Ambokile.

Bupe alikuwa ameshaita. "Lugano, geukeni! Geukeni sasa hivi!" Kisha akaiuliza mashine, "Sauti yangu itawafikia lini?"

"Haitawafikia," kipimamweko kikajibu kwa upole kiliofundishwa. "Njia inarefuka upesi kuliko sauti inavyokwenda."

"Dada yangu..." Ambokile akaanza.

"Usiniite dada."

Redio ikakwaruza. Ilikuwa sauti iliyotumwa zamani, imevutwa njiani hata ikawa nzito kama ya mwanamume. Lakini utani ulikuwa wa Lugano.

"Mama, mbona kimya? Umeshindwa, sema tu! Haya, nipe mji."

Bupe akageukia dirisha. Chini, watoto walikuwa wakitoka shule, wakirushiana kofia. Juu, kope za shaba zikafumbuka tena, hakuna aliyetazama.

"Nakupa Kitulo, mwanangu," alisema.

"Nitume?" kikauliza kipimamweko.

"Tuma."