Mwisho Nilioukata

— Rudisha tena pale anashuka, Berthe akaniambia.

Nikarudisha kaseti. Treni ikaingia tena kwenye gare, moshi ukajaa televizyo nzima, yule mwanaume mwenye koti la askari akashuka na mwanamke wake akamkimbilia. Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo. Nje jua la saa sita lilikuwa linapiga mabati ya Vulamba, mtaa wetu wa Butembo. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, nilikuwa namfungulia Berthe chumba changu cha video saa moja kabla ya wateja, na nawasha jenereta kwa ajili yake tu.

— Zoro, gauni yake inabadilika, akasema. Wakati anangojea alikuwa na nyeusi. Sasa iko na nyeupe.

— Alienda kubadilisha.

— Mi nilionaka hii filamu ku paroisse, kwa mapadri, nikiwa mutoto. Nakumbuka kama yule bwana hakurudiaka.

— Ulikuwa mudogo, nikamwambia. Haukumbuke muzuri.

Akaamini. Mimi Zorobabel nimesema uongo mwingi maishani, kama watu wote, lakini ule ndio unaoniamsha mpaka leo.

Berthe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa mchumba wa Jéthro, rafiki yangu tangu tukiwa tunakaa benchi moja darasani. Mbuzi za mahari zilikuwa zimefika kwa baba yake. Ilibaki arusi. Mimi nilimpenda kabla Jéthro hajamjua, lakini sikuwahi kusema, na mtu asiyesema hana wa kumlaumu. Mwezi wa tisa wa mwaka 2002 Jéthro alienda Mambasa kununua mchele. Vita vikamkuta huko. Watu wakaanza kufika Beni kwa miguu, na watoto mgongoni, lakini yeye hakufika.

Siku chache mbele ya Noeli nilienda Beni kutafuta kaseti, nikapita kwenye uwanja walipokuwa wamepangwa wakimbizi. Kila niliyemkuta nilimtajia jina la rafiki yangu. Mama mmoja, Kasika, akaacha kupepeta maharagwe. Akasema Jéthro alikuwa analala kwenye kiwanja chake kule Mambasa. Walimpiga risasi shambani, pamoja na kaka wawili wa huyo mama, na mama mwenyewe na majirani waliwazika haraka wote watatu kabla ya kukimbia. Nilimuuliza juu ya sura, sauti, jino lililovunjika. Kila kitu kilikuwa chake.

— Wewe ni ndugu yake? akaniuliza. Basi peleka habari kwao.

Njia yote ya kurudi Butembo nilikuwa napanga maneno. Berthe alitoka mbio nje aliposikia nimefika, akaniangalia usoni. Nikamwambia hakuna mtu anayemjua kule.

Ningekuwa nani kama ningesema? Mwanaume anayempenda, analeta habari ya kifo cha mchumba wake. Watu wangesema nimefurahi. Na mimi mwenyewe sikuwa na hakika kwamba sikufurahi, hata kidogo.

Kukata filamu nilikuwa nimekuzoea. Familia za kanisa letu zilikuwa zinaniomba niondoe mabusu kwa sababu ya watoto, na nilikuwa na mashine mbili za kaseti, nikaondoa, hakuna aliyelalamika. Kisha dereva mmoja akaniletea kutoka Kasindi, mpakani, ile filamu ya zamani ya gare, nyeusi na nyeupe, ambayo wakubwa wa mji waliijua. Mwanamke anangojea mume wake atoke vitani. Mwishoni treni inafika, lakini anayeshuka ni rafiki ya mume, peke yake. Anavua kofia. Mwanamke anaelewa kabla hajaambiwa, anageuka, anatoka gare kwa miguu.

Niliionyesha mara moja. Chumba kilikuwa kimejaa watu wa Mambasa, na kilio chao kilisikika mpaka barabarani. Berthe alikuwa amenitumia neno kwamba naye atakuja posho. Nilimwangalia yule rafiki na kofia yake mkononi, nikaona siwezi kuketi karibu na Berthe wakati anashuka. Basi nikamkata. Nilichukua sehemu ya mwanzo, pale mume alipokuja kwa likizo, nikairekodi juu ya mwisho, kwenye kaseti ile ile, maana sikuwa na nyingine tupu. Kazi ya siku tatu. Watu wakapiga makofi. Berthe akaanza kuja kila posho, akaanza na kula vizuri, mama yake akanishukuru kwa Kinande, wasingya, wasingya, akinishika mikono miwili.

Mwezi wa tatu alikuja papa Paulin, mkatekista mzee aliyekuwa zamani anaonyesha filamu paroisse. Aliangalia mpaka mwisho, akangoja watu watoke.

— Mwana wangu, yule rafiki ulimupeleka wapi?

Nikamweleza kwamba watu hawa wamelia ya kutosha.

— Uliwauliza?

— Wanafurahi, papa. Wanapiga makofi.

— Mwenye kutengeneza hii filamu alimuachia yule mwanamuke ajue. Akijua, anaweza kutoka pale ku gare. Wewe umemuacha pale.

Akaniomba nimwonyeshe mwisho wenyewe, hata mara moja tu. Nikamwambia umefutika. Ya paroisse iliibwa pamoja na mashine yake katika vita ya kwanza, akasema, na nyingine hajui iko wapi. Nilitaka kumwambia juu ya Jéthro, nikaanza kukunja waya za jenereta. Akaenda bila kuniaga.

Wiki mbili baada ya Pasaka nilipata mesaje ya Berthe kwenye simu:

“Zoro niko Beni. Kesho asubui napanda camion ya batu wanarudia Mambasa. Nitamutafuta mi mwenyewe. Ile filamu ilinipa nguvu. Uniombee.”

Nilipiga simu mara sita. Haikuingia. Barabara ya Mambasa wakati ule, hata askari waliiogopa. Niliandika: “Usiende. Ningoje.” Mesaje haikutoka. Nikaomba nafasi juu ya magunia ya Fuso moja, na tukakwama matopeni tukasukuma, mpaka nilifika Beni asubuhi na nguo zangu nyekundu kwa udongo. Camion yenyewe, lori la mizigo, ilikuwa imekwisha kujaa. Berthe alikuwa juu, kati ya magodoro na masufuria, na mfuko wake mapajani. Aliponiona akacheka, akafikiri nimekuja kumsindikiza.

— Berthe, shuka.

— Wanataka kuondoka.

— Shuka kwanza.

Alishuka. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Noeli na sikupata hata moja kati ya hayo.

— Jéthro alikufa. Mwezi wa kumi. Mama mumoja alimuzika, iko hapa Beni.

Aliushika mfuko wake vizuri, kama mtu aliyeambiwa kuna wezi.

— Ulijua tangu siku gani?

— Mbele ya Noeli.

— Donc kila posho ulikuwa unajua.

— Ndiyo.

— Na filamu?

— Niliikata. Yule bwana hakurudiaka. Ulikumbuka muzuri.

Dereva akapiga honi. Berthe hakugeuka.

— Mi nilifikiri akili yangu inaharibika, akasema polepole. Nilikuwa nalala nikijiuliza juu ya nini nakumbuka mubaya.

— Nilikuwa nakupenda. Niliogopa.

— Hapana, Zoro. Ile usiniwekee leo.

Camion ikaondoka. Nikampeleka kwa mama Kasika, nikabaki nje ya hema. Kwa muda nilisikia sauti ya mama yule peke yake, kisha nikasikia ya Berthe. Sikuwa na haki ya kuingia, na sikuweza kuondoka.

Matanga yalifanywa Butembo. Nilikaa na wanaume kwenye moto, na ndugu za Jéthro wakanipa chai kama mgeni yeyote. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ingekuwa afadhali.

Nilijaribu kutengeneza. Filamu ikifika mwisho nilikuwa nazima televizyo na kusimama, nawaeleza kwa mdomo jinsi rafiki anavyoshuka peke yake na kuvua kofia. Siku moja mama mmoja mkimbizi akaniomba kwa upole ninyamaze, niache treni ilete mtu wao. Papa Paulin alikuwa nyuma, na hata yeye akaniashiria niketi. Baada ya hapo niliiweka ile kaseti kabatini, maana ukweli sikuwa nao tena na uongo sikuutaka.

Miaka miwili ikapita. Simu ikalia, mesaje: “Naolewa Beni na Ananie, mwalimu. Nataka wewe ndiyo ushike kamera. Usikate kitu.”

Nikaenda. Nilishika kamera tangu kanisani mpaka ukumbini. Mama ya Jéthro alikuwa amealikwa. Berthe mwenyewe alimfuata kwake. Wakati wa kuimba, yule mama alijifunika uso kwa kitenge akalia, katikati ya meza za furaha. Kaka ya Ananie akanijia, akaniambia kwa heshima kwamba ile sehemu niiondoe, si nzuri kwa arusi. Nikamwambia aulize bibi-arusi.

— Iache, Berthe akasema.

Kisha akainua macho kwenye kamera. Si kwa hasira, wala kwa kusamehe. Aliniangalia tu, muda mrefu, na mimi sikuishusha kamera. Ananie akamshika mkono, naye Berthe akageuka.

Kabla ya kuwapelekea kaseti zao tatu, niliziangalia zote, kwa muda wa saa saba, mikono mapajani. Pale anaponiangalia ni kwenye kaseti ya pili. Nilipaacha pia.