Kipa wa Mwisho

Mabasi ya Lamu yalikuwa yamepangana kando ya barabara pale Garsen yakingoja askari wa kuyasindikiza, na askari walikuwa bado wanakunywa chai. Ndivyo mji ulivyochangamka mwaka ule wa tisini na tisa: abiria wakichoka kukaa huteremka, na wakiteremka hununua. Wanawake wa Kiorma walikuwa wameweka vibuyu vya maziwa kivulini, mbuzi walipita katikati ya watu bila kuomba njia, na redio za maduka zilishindana kwa kelele. Ndani ya zogo hilo Kache alisimama mbele ya meza ya Hodan, mama wa Kisomali, akichagua mahamri.

Alikuwa amevaa sketi ndefu ya kitenge cha buluu na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, nywele zimesukwa zikalala nyuma. Upepo ulitoka upande wa mto, ukainua vumbi, ukaleta kadi ndogo yenye picha, nayo ikatua karibu kabisa na mkono wake. Kache akaiokota.

"Usiishike!"

Kijana mrefu alikuja mbio kutoka kibanda cha tiketi za basi, fulana ya manjano mwilini, kalamu imekwama sikioni.

"Nimekwisha ishika," Kache alisema. "Kwani inauma?"

"Una mafuta vidoleni! Ishike pembeni, dada. Pembeni tu, tafadhali!"

Kache alimgeukia Hodan. "Mama Hodan, huyu ni mzima?"

"Mzima," Hodan alijibu, akigeuza mahamri kwenye karai. "Huyu Mwaro, karani ya basi. Yeye kipa ya timu ya Garsen. Lakini mpira hapana penda sana. Napenda karatasi."

Mwaro aliipokea kadi kwa ncha za vidole, akaipuliza, akaitazama mbele na nyuma kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Kwenye kadi palikuwa na mzungu mwenye masharubu, glavu kubwa mkononi, akiruka kuelekea mpira usioonekana. Kache alicheka hadi akaomba msamaha kwa kucheka.

"Huyu naye ni nani yako?"

"Kipa wa Bulgaria," Mwaro alisema kwa heshima zote. "Seti ya makipa wa mwaka wa sabini na mbili. Ninao wote ila mmoja."

Na hapo, msomaji, ungemwona mwanamume akisahau mabasi. Alimweleza Kache kwamba kadi hizo aliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyemfundisha sekondari. Kwamba mafuriko ya El Niño yalipobeba nyumba yao, mama yake alikuwa ameufunga mkebe wa kadi juu darini pamoja na mbegu za mahindi, na vyote viwili vikapona. Aliyekosekana ni kipa wa Paragwai, Anselmo Ribas, aliyedaka akiwa amevaa kofia ya sufu. Mwaro hakuwahi kumwona hata kwa picha.

"Na utampata wapi huku Garsen?"

"Sijui. Namtafuta tu."

Kache aliufunga mfuko wake wa mahamri. Angeweza kwenda zake. Lakini kijana huyu alikuwa na macho ya mtu anayeota mchana, na Kache alikuwa na udhaifu kwa watu wa namna hiyo.

"Ofisini kwetu kuna kompyuta iliyounganishwa na simu," alisema. "Watu wa ng'ambo huuziana vitu humo, hata vitu vya kipuuzi. Njoo Jumamosi."

Kache alikuwa mpiga chapa wa shirika la misaada lililokuja na mafuriko. Mkubwa wake alimruhusu kutumia mtandao Jumamosi, kazi ikiisha. Mwaro alifika akiwa amenyoa, shati limechomekwa, ananukia sabuni. Waliketi bega kwa bega mbele ya kioo. Simu ililia, ikakoroma, ikapiga mluzi, na baada ya kusubiri sana ukurasa wa mnada ukafunguka. Kadi zilikuwako, za wachezaji wa kila nchi, zilizokwisha kusahauliwa na watu wengine wote. Kila picha ilishuka polepole, mstari kwa mstari: kwanza anga, kisha nywele, kisha paji la uso. Mara nyingi laini ilikatika kidevuni.

"Unaitazama kompyuta au unanitazama mimi?" Kache aliuliza Jumamosi moja.

"Kompyuta imechelewa. Macho yangu yakae wapi?"

"Yaweke ukutani."

"Ukutani hakuna kishimo cha shavuni."

Kache akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Nje, watu walikuwa wakiswaga ng'ombe kuelekea Minjila, na jua la alasiri liliingia dirishani likaufanya ukuta wote kuwa rangi ya asali. Alitamani laini isishike upesi. Kila Jumamosi alitamani hivyo, na hakumwambia mtu.

Katikati ya juma Mwaro hupiga simu. Hupanga foleni kwenye kibanda cha simu cha posta, ingawa kutoka pale aliliona dirisha la ofisi waziwazi.

"Haloo, shirika hapa."

"Naomba kuzungumza na mrembo wa ofisi."

"Ametoka. Yuko mpishi na mlinzi."

"Basi mwambie mpishi namwona. Leo amevaa kijani."

Kache alivuta pazia, akamwona ng'ambo anapunga mkono na mkonga wa simu shingoni. "Wewe Mwaro! Si uvuke tu barabara?"

"Nikivuka utaniambia una kazi. Kwenye simu hunifukuzi, kipenzi."

Neno hilo, kipenzi, Kache alikaa nalo siku nzima. Lakini lilikuwa neno la simu tu. Walipokuwa pamoja Mwaro alizungumza habari za makipa, akamtania, akacheka, kisha akaaga kwa kuinua mkono. Hakuwahi kuushika wa Kache.

Siku Ribas alipotokea kwenye kioo, hata mvua ilisimama. Kwanza ilionekana kofia ya sufu, nyekundu, imefika kwenye nyusi. Kisha macho mawili yenye huzuni. Mwaro alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Muuzaji alikuwa mzee mmoja wa Ureno, na hakuna mwingine duniani aliyeitaka ile kadi, kwa hiyo waliipata bila kushindana na mtu. Walilipa kwa hawala ya posta, wakaandika anwani ya shirika, wakangoja.

"Ikifika ifungue wewe," Mwaro alisema. "Mimi mikono itatetemeka."

"Na seti ikitimia utakuja huku kufanya nini?"

Alilisema kwa mzaha. Mwaro alicheka tu, na kicheko chake kilimchoma Kache kuliko alivyotegemea.

Bahasha kutoka Ureno ilifika siku ile ile ambayo mkubwa aliwaita wafanyakazi wote na kuwaambia kwamba kazi ya mafuriko imekwisha. Ofisi ya Garsen ingefungwa. Kache alipewa nafasi Mombasa, kazi nzuri yenye mafunzo, na alitakiwa kuondoka Jumamosi. Alirudi mezani kwake, akafungua bahasha, akamweka Ribas mbele yake. Kipembe kimoja cha kadi kilikuwa kimeanza kulegea. Dari ya ofisi ilivuja. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mto.

Sasa lazima nikueleze jambo moja kuhusu watu wa Tana wa miaka ile. Mafuriko yalikuwa yamewafundisha kutoiamini karatasi. Shirika lilileta mashine ya kutia karatasi plastiki kwa ajili ya kadi za chakula cha msaada, na kila mwenye kitu akaja nacho: kitambulisho, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki. Mzee mmoja alileta picha ya fahali wake. Kutia kitu plastiki kulikuwa ni kusema, hiki sitaki kukipoteza tena. Kache ndiye aliyeiendesha mashine hiyo, na mikono yake ilikwenda yenyewe. Mashine ilimmeza Ribas, ikamtoa upande wa pili aking'aa. Kache akamtia kwenye bahasha, akafunga utepe.

Mwaro alisikia bahasha imefika, akaja akikimbia.

"Kwanza nina habari yangu," Kache alimwambia, akimpa bahasha. "Wananihamisha Mombasa. Jumamosi hii."

Mwaro alibaki ameshika utepe. Alikuwa kama hakusikia, na ili afanye kitu, akafungua bahasha. Akaigeuza kadi. Akaigeuza tena.

"Kache. Umeifanya nini?"

"Nimekutunzia. Sasa hata maji yakija..."

"Umeiua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kadi ya zamani haitiwi plastiki. Haitoki tena humo. Ukibandua, uso wote unabaki kwenye plastiki. Seti nzima imeharibika!"

"Sikujua."

"Si ungeuliza? Wewe kitu ukikipenda lazima ukibane mpaka kikose pumzi?"

Kache alisimama. Alikuwa mpole, lakini wapole wakichokozwa hawana breki.

"Afadhali mimi ninayebana. Wewe unapenda vitu visivyoguswa! Kadi ishikwe pembeni, Kache aitwe kipenzi kwenye simu. Miezi yote hii umekaa ubavuni mwangu, mkono wangu hujaushika hata mara moja. Nakwambia nahama, unamlilia mtu wa Paragwai!"

Mwaro alitoka na kadi yake. Kache alilia juu ya mashine hadi ikapoa.

Siku zilizofuata Garsen iliwawia wote wawili ndogo mno. Kache alipita nyuma ya maduka ili asipite kibandani. Mwaro aliandika tiketi na kukosea majina. Hodan aliyaona yote hayo kutoka mezani kwake mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Warya! Njoo hapa," alimwita Mwaro. "Wewe mjinga kabisa. Unajua Kache mama yake alikufa?"

"Najua."

"Unajua alikuwa na picha moja tu ya mama? Moja! Maji naingia ndani ya sanduku. Alipotoa ile picha, uso hakuna. Nyeupe tu. Mimi nilikuwa naye kwa kambi ya mafuriko, nimeona kwa macho yangu. Sasa yeye kila kitu ya kupenda natia plastiki. Ile kitu yako pia. Hapo ulimwambia nini?"

Mwaro aliliacha hamri lake mezani. Alikwenda moja kwa moja posta, akapanga foleni, akapiga simu.

"Haloo, shirika hapa."

"Ni mimi."

"Najua. Tunafunga mizigo, Mwaro. Sema."

"Nimeambiwa habari ya picha ya mama yako. Nisamehe. Na kuna jingine... Kache, Jumamosi zote hizo nilikuwa naomba Ribas asipatikane. Nilikuwa..."

Laini ikakatika. Alipiga tena, na tena, mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Kwa mara ya kwanza alivuka barabara. Ofisi ilikuwa imefungwa, na mlinzi akamwambia fundi amekwisha ng'oa simu, bibi naye amekwenda kumuaga baba yake, aliyehamia Witu baada ya mafuriko.

Jumamosi asubuhi Kache alifika stendi na sanduku lake, amevaa gauni jeupe lenye maua madogo ya zambarau na kitambaa cha rangi hiyo hiyo kichwani. Mabasi ya kwenda Mombasa yalikuwa yakiunguruma. Garsen kuna kibanda kimoja tu cha tiketi, na ndani yake kuna karani mmoja tu. Alipanga mstari kama abiria wengine.

"Jina?" Mwaro aliuliza bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua.

"Unalijua."

Hapo ndipo Kache alipomwona Ribas. Alikuwa amegongomewa kwenye fremu ya dirisha, kofia yake nyekundu iking'aa juani, na plastiki ilikuwa imejaa vumbi na alama za vidole vya abiria.

"Umemweka nje? Watu wote wanamshika!"

"Ndiye pekee anayeweza kukaa hapa," Mwaro alisema. "Wenzake wote wako mkebeni, hawajawahi kuliona jua. Huyu nafungua naye kibanda asubuhi, nafunga naye jioni. Naona nampenda kuliko wote."

"Haya, andika tiketi. Watu wanangoja."

"Wangoje." Mwaro alitoa mkono dirishani, akaushika mkono wa Kache, wote, kiganja kwa kiganja, mbele ya mstari mzima. Mkono wake ulikuwa na wino. "Siku ile simu ilikatika nikiwa sijamaliza. Nilikuwa naogopa seti itimie. Nilijua ikitimia sina sababu ya kuja, na sikuwa na ujasiri wa kuja bila sababu. Ulipotaja Mombasa nilichanganyikiwa, nikamwaga hasira kwenye karatasi. Nakupenda, Kache. Si kwenye simu. Hapa."

Mwanamke mmoja kwenye mstari alipiga kigelegele. Mwanamume nyuma yake aliuliza kama tiketi zinauzwa au haziuzwi.

"Umechelewa, Mwaro," Kache alisema, machozi yakimlenga. "Kazi nimekwisha ikubali. Nakwenda, na sikatazwi."

"Nani anakukataza? Nenda. Jifunze yote wanayofundisha. Mimi wiki ijayo nawapeleka wazee wangu Witu kwa baba yako, na kadzama, ile tembo ya mnazi ya kuposea, kama inavyotakiwa."

"Baba ni mzee wa kanisa. Tembo hagusi."

"Basi kreti ya soda."

Kache alicheka huku analia, na cha kufutia machozi hakuwa nacho kwa sababu mkono mmoja ulishika sanduku na mwingine haukuachiwa. Dereva alipiga honi. Mwaro alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto na kuanza kuandika vibaya vibaya, herufi zikipanda na kushuka.

"Mombasa," alisema. "Kwenda tu?"

Kache aliitazama barabara, akautazama mji wa vumbi alikomzika mama yake na kumpata huyu.

"Andika na ya kurudi," alisema.