Karatasi za Ijumaa

Jaji Ilarion Postolache alikutwa chini ya ngazi ya handaki lake la divai, uso juu, slipa moja mguuni na nyingine imebaki kwenye ngazi ya nne. Jirani aliyemkuta alikuwa amekuja kuazima faneli.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katikati ya Oktoba. Mji mzima wa Lunca Veche ulinuka zabibu zinazochacha.

"Asishuke mtu," alisema Inspekta Agafia Lozan akiingia jikoni na koti lake begani. "Fungueni madirisha. Mlango wa handaki uacheni wazi nusu saa."

Kila mwaka wilaya ilipoteza mmoja au wawili namna hiyo. Maji ya zabibu yakichacha hutoa hewa nzito inayolala chini kama nyoka, na haina harufu wala rangi. Ndiyo maana hakuna Mmoldova anayeshuka handakini Oktoba bila mshumaa. Mwali ukififia, mtu anapanda juu mbio. Hata watoto wanajua.

"Ajali, afande," alisema Sajini Pâslaru, kijana mwenye mabega mapana na simu mbili.

"Inawezekana."

"Au si ajali." Pâslaru alinyoosha kidole mezani. Chini ya kopo la chumvi palikuwa na karatasi moja, imechapwa kwa kompyuta.

Lozan alivaa miwani. Barua ilikuwa na mistari sita. Jaji alisema amechoka. Alisema alihongwa na akapindisha hukumu. *Sunt vinovat*, aliandika, nina hatia. Alisema hawezi kusimama mbele ya Tume Jumatano, na asilaumiwe mtu. Kisha nafasi tupu ya shibiri nzima, na chini kabisa ya ukurasa, saini ya wino wa bluu.

Tume ilijulikana na kila mtu. Nchi ilikuwa inabisha hodi Umoja wa Ulaya, na Ulaya ilikuwa imesema: kwanza safisheni mahakama zenu. Ikaundwa tume ya kuwahakiki majaji, nusu wenyeji, nusu wageni. Walikuwa wakipita wilaya kwa wilaya na mafaili yao. Wiki hii ilikuwa zamu ya Lunca Veche.

Walipomshusha fundi wa picha, alirudi na kitu kwenye mfuko wa ushahidi. Mshumaa, umeungua hadi nusu.

"Ulikuwa karibu na mkono wake," alisema.

Lozan aliugeuzageuza ndani ya mfuko. Alikuwa na miaka hamsini na sita, goti lililomuuma tangu masika, na binti Dublin aliyempigia kila Jumapili kumwambia astaafu.

"Mtu anayekwenda kufa," alisema polepole, "habebi kitu cha kumwonya asife."

---

Mkuu wa kituo, Anton Scutaru, hakutaka kusikia habari za mshumaa.

"Agafia, maiti ipo, barua ipo, saini ipo. Unataka nini zaidi, tarumbeta?"

"Nataka majibu ya uchunguzi wa maiti."

"Wageni wanafika kesho. Sitaki wakute polisi wanapekua mahakama. Funga jalada kesho jioni."

"Nikifunga vibaya?"

"Funga vizuri basi. Lakini funga."

Simu ya Lozan iliita akiwa bado kwenye ngazi za kituo. Sauti ya mwanamke, nyuma yake mngurumo wa gari.

"Ni mimi, Eufrosina. Mke wa Ilarion."

Eufrosina Postolache alikuwa Bologna mwaka wa sita, akimlea bibi kizee wa Kiitaliano, kama nusu ya wanawake wa mtaa wake.

"Pole sana, dada. Uko wapi?"

"Kwenye basi. Slovenia, sijui Hungaria. Nafika keshokutwa saa sita mchana." Alivuta pumzi. "Padri Sava amenipigia. Anasema aliyejiua hapigiwi kengele. Haingizwi kanisani. Atazikwa kando ya uzio, bila nyimbo, kama mbwa. Dada yangu, niambie. Alijiua?"

"Sijui bado."

"Basi jua kabla sijafika."

---

Jumanne asubuhi daktari wa maiti alipiga simu. Kifo kilitokana na kukosa hewa, Jumapili alasiri. Halafu akaongeza, "Ana vibanzi vya mbao chini ya kucha, mikono yote miwili. Viganja vimechubuka."

Lozan alirudi kwenye nyumba ya jaji, akapiga magoti, goti likalalamika, akamulika tochi upande wa chini wa mlango wa handaki uliolala sakafuni. Mbao zilikuwa na mikwaruzo mipya. Mlango wenyewe haukuwa na komeo. Mtoto angeweza kuuinua.

Isipokuwa kama juu yake palikuwa na kitu. Au mtu.

Alirudi ofisini, akaandika taarifa kwa mkono, akampa Pâslaru aichape. Kijana akaanza kucheka.

"Nini?"

"Umeandika *sînt* tena, afande. Kompyuta inapiga mstari mwekundu."

"Iache ipige."

"Tahajia ya lugha yetu ilibadilika zamani, mama. Siku hizi 'mimi ni' huandikwa *sunt*. Hata mwanangu wa darasa la pili anajua."

"Mwanao hajapanga foleni ya mkate mwaka tisini na mbili. Mimi nimeandika *sînt* tangu tulipoacha herufi za Kirusi, na nitakufa..."

Alivua miwani.

"Afande?"

"Lete ile barua."

Neno lilikuwa pale, mstari wa tatu. *Sunt vinovat.* Jaji Postolache alikuwa na miaka sitini na moja, rika lilelile la *sînt*.

---

Katika ukumbi wa mahakama ya Lunca Veche palibandikwa bango kubwa la mradi wa wafadhili: msichana mwenye blauzi nyeupe, anatabasamu, na maneno *Haki Ina Sura Mpya*. Lozan alilipita akaenda moja kwa moja masjala, kwa karani Zinovia, aliyekuwa pale tangu enzi za Wasovieti na bado alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe kilekile.

"Bi Zinovia, Jaji Postolache aliandikaje *sînt*?"

"Kwa î yenye kofia, angeandikaje? Aliandika kwa kalamu, sisi tukachapa. Ole wako uitoe kofia. Aliwahi kunirudishia hukumu ya kurasa arobaini."

Lozan alifunua majalada yaliyokuwa kaunta. "Hukumu hizi za miaka mitatu ya karibuni nyingine zina *sunt*."

Karani aliweka kikombe chini, akaangalia mlango.

"Agafia, wewe ni mtoto wa hapa. Usinifanye niseme."

"Sema."

"Ijumaa," alisema Zinovia. "Ijumaa mchana alikuwa anakwenda kwenye mizabibu yake. Anasaini karatasi tupu, kumi, kumi na mbili, pale chini kabisa. Zile kesi ndogondogo, msaidizi wake anajaza wiki inayofuata. Wote wanafanya hivyo! Tangu zamani! Ukisubiri jaji kwa kila kikaratasi utazeeka hapa."

"Na msaidizi wake ni nani?"

Zinovia alielekeza kidevu ukumbini, kwa msichana wa kwenye bango.

---

Mjumbe wa Tume alikuwa ameshafika, mzee wa Kilithuania, mwendesha mashtaka mstaafu aitwaye Rimvydas Stonkus, mrefu kama mlingoti. Walizungumza Kirusi, lugha ambayo hakuna kati yao aliyeipenda.

"Tulimtumia maswali ishirini na saba," alisema Stonkus. "Majibu hayakuja."

"Kuna lolote lililokushangaza?"

Mzee alifungua faili. "La kumi na nne. Tarehe tisa Machi, mwaka juzi, alisaini amri ya kufuta kesi ya ajali ya barabarani. Hospitali ya Chișinău inasema siku hiyo alikuwa kwenye chumba cha upasuaji, anatolewa nyongo. Nikamwomba aeleze. Nilidhani ni kosa la tarehe."

"Aliyefutiwa kesi ni nani?"

"Valeriu Vrabie. Alimgonga bibi mmoja akiwa amelewa. Bibi alikufa." Stonkus alimtazama. "Jina hili lina maana kwako?"

"Kwako haliwezi kuwa nayo," alisema Lozan. "Kwenye amri jina la msaidizi haliandikwi."

---

Luminița Vrabie alikuja kituoni mwenyewe, blauzi nyeupe kama ya kwenye bango. Alikuwa na miaka thelathini na moja, amesomea sheria Iași, ng'ambo ya mto wa mpaka, kwa ufadhili wa mradi. Mwezi ujao angeapishwa kuwa jaji.

"Tanti Agafia," alisema akikaa, akimwita shangazi kama enzi za utotoni. "Ulinifundisha kuvuka barabara nikiwa chekechea. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Lozan aliweka karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Amri ya tarehe tisa Machi. Barua ya mwisho. Zote mbili maneno yalikuwa yameisha juu, kisha uwazi, kisha saini chini kabisa.

"Mtu akiandika barua, husaini pale anapoishia," alisema. "Huyu alisaini kabla ya kuanza."

"Mzee alikuwa na mambo yake."

"Alikuwa nayo. Mojawapo ni kofia ya î." Lozan aligonga mstari wa tatu kwa ukucha. "Soma."

Luminița alisoma. Midomo yake ilitembea kwenye neno lile mara moja, halafu mara ya pili, kama mtu anayehesabu ngazi gizani akakuta moja haipo.

"Kila mtu anaandika *sunt*," alisema.

"Si yeye."

"Mimi si peke yangu ninayeandika hivyo!"

"Hapana. Lakini karatasi za Ijumaa zilikaa kwenye droo yako. Pâslaru ameipekua kwa kibali. Zimebaki tatu, zimesainiwa na marehemu, hazijaandikwa kitu. Na Valeriu ni kaka yako." Lozan alishusha sauti. "Jaji ana vibanzi kwenye kucha, Luminița. Aligonga."

Nje mtu alikuwa anafokea trekta.

"Alinipigia Jumapili baada ya misa," alisema msichana hatimaye. "Akasema swali la kumi na nne atalijibu ukweli. Yote. Kwamba alisaini bila kuandika, na kwamba mimi niliandika. Nikaenda kumsihi. Nilipiga magoti, tanti. Nikamwambia nitajiuzulu baadaye, nitafanya chochote, asinitaje mbele ya wageni. Valeriu ana watoto wawili. Mimi ndiye niliyesoma. Mama aliuza ng'ombe."

"Akasemaje?"

"Akasema ataanza na kosa lake kabla ya langu. Akaniambia nisilie. Akasema ngoja nikuletee divai changa, tunywe, tufikiri tutakavyosema." Alicheka kidogo, vibaya. "Akawasha mshumaa. Akashuka. Nikasikia anasema, 'Mama yangu, umezimika.' Nikafunga mlango."

"Kisha?"

"Nikakaa juu yake."

"Muda gani?"

"Mpaka alipoacha. Haikuwa muda mrefu. Kama wimbo mmoja wa redio."

Pâslaru, aliyekuwa akichapa maelezo kwenye meza ya pembeni, aliacha.

"Halafu ukaenda mahakamani kuandika barua."

"Funguo ninazo. Sisi tunaaminiwa," alisema Luminița, na ndipo akaanza kulia kweli. "Kule Iași nilijifunza kila kitu, tanti. Mgongano wa maslahi, maadili, vyote. Nilipata alama za juu kabisa."

---

Stonkus alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, kofia magotini.

"Swali la kumi na nne nililiandika mimi," alisema.

Lozan angeweza kumwambia maneno ya faraja. Alikuwa amechoka mno kuyatafuta.

"Lilikuwa swali zuri," alisema. "Endelea kuuliza. Anza na karatasi tatu zilizomo kwenye droo. Halafu uulize majaji wengine Ijumaa huwa wanafanya nini."

Jumatano asubuhi Padri Sava alitaka karatasi. Neno la mdomo halimtoshi askofu, alisema, na yeye si wa kupigia kengele uvumi. Lozan aliketi kwenye kizingiti cha kanisa na kuandika kwa mkono kwamba marehemu Ilarion Postolache hakujiua, bali aliuawa. *Sînt inspector de poliție*, aliandika, mimi ni inspekta wa polisi, kofia ya î ikiwa kubwa kuliko kawaida. Alisoma tangu juu hadi chini. Ndipo akasaini, jina limeshikana na mstari wa mwisho, hata unywele usipite kati.

Basi la Italia lilichelewa dakika ishirini. Eufrosina alishuka wa mwisho, na mkoba mmoja, macho mekundu.

"Umejua?"

"Nimejua. Hakujiua."

Wakati huohuo kengele ilianza, nzito, moja moja, ile ya mazishi. Mwanamke alijishika kwenye mlango wa basi mpaka dereva akamwambia apishe.

Walitembea kuelekea kanisani bila haraka, kwa sababu ya goti. Lozan alimweleza yote, hakuacha kitu, wala karatasi tupu.

"Kwa hiyo na yeye alikosa," alisema mjane.

"Alikosa kila Ijumaa."

"Na Jumapili?"

Lozan alisimama kupumzisha goti. Kengele ilikuwa bado inalia.

"Jumapili," alisema, "alikuwa jaji."