Kikohozi Alichokificha Deolall

Ndugu msomaji, jioni ile nyumba ya Deolall, katika pwani ya Berbice, ilikuwa tulivu. Mkewe Parbattie alikuwa akichoma roti, mikate kama chapati. Binti yao wa pekee, Rohini, alikuwa akibembea kwenye machela chini ya nyumba, iliyosimama juu ya nguzo. Dada yake Deolall aliyeko ng'ambo aliwaombea kibali cha kuhamia huko wote watatu Rohini angali mtoto mdogo, na sasa zamu yao ilikuwa imekaribia. Ndipo Deolall alipokohoa.

"Baba Rohini, kikohozi hicho hakiishi," alisema Parbattie. "Nenda kituoni kwa Nesi Waveney. Dawa zenyewe bure!"

"Kwa Waveney? Atajua napimwa kwa ajili ya safari, na kesho kijiji kizima kijue tunaondoka? Akitokea mwenye kijicho mmoja akatuchongea ubalozini, tumekwisha."

"Akuchongee kwa lipi? Umeua mtu?"

"Punguza sauti, mama! Jirani anasikia."

Katika pwani ile watu huficha safari kama wengine wafichavyo wizi. Hufungasha nyuma ya pazia, wakihofia jicho baya. Basi Deolall akanywa tangawizi kwa ramu, akajikaza, akakohoa ndani ya mto usiku kucha ili asisikike.

Hatimaye ubalozi ukawaita Georgetown, mji mkuu, kupimwa afya. Daktari aliitazama picha ya kifua chake kwa muda mrefu.

"Mzee, hiki ni kifua kikuu, tena cha siku nyingi. Utameza dawa miezi sita, tukupime upya, kisha faili lenu lirudi kwenye foleni."

"Daktari, Septemba binti yangu anatimiza miaka ishirini na mmoja! Akitimiza kabla hatujapata viza, anaondolewa kwenye ombi letu."

"Ungeanza dawa kikohozi kilipoanza, leo ungekuwa umepona."

Deolall akaitia karatasi ya dawa mfukoni, akarudi kijijini.

Kila asubuhi akawa anakwenda kwa Nesi Waveney, amtazame akimeza vidonge.

"Ulikuwa unanificha nini, Mjomba Deo?" nesi alimwuliza siku moja. "Safari? Hapa nani asiyejua? Mimi nilishamwambia Parbattie, siku ya kuwaaga wali napika mimi."

Deolall akameza kidonge cha mwisho, akaweka kikombe chini. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyemchongea.

Dawa zikamponya. Septemba ikapita, faili likiwa bado limelala mezani ubalozini. Viza zilipokuja zilikuwa mbili.

"Nendeni," Rohini alisema kwenye uwanja wa ndege, macho makavu. "Baba, usisahau sweta."

Ndani ya ndege Parbattie aligeuza uso dirishani. Tangu siku hiyo humwita mumewe Deolall, kama wamwitavyo wageni. Hajamwita tena Baba Rohini.

FUNZO LA KISA HIKI

Ucheleweshaji wa ofisi ni dhuluma, wala sitautetea; lakini hatuna mamlaka juu yake. Mamlaka tuliyo nayo ni juu ya miili yetu. Anayeficha ugonjwa kwa kuogopa jirani hujinyima tiba kwa sababu ya adui asiyekuwapo, na gharama huilipa mwanawe. Ewe unayengoja safari, ukikohoa, nenda ukapimwe leo, mlango ukiwa wazi na watu wakikuona.