Betri ya Narita

Mitsue Kudō aliamka kutoka usingizi wake wa mchana, akaenda kuwasha ubani mbele ya picha ya marehemu mumewe, akakuta betri imejaa. Taa zote za kijani kwenye kipimo chake zilikuwa zinawaka. Jana yake alikuwa ameiacha nusu, kama Kenzō alivyomfundisha alipokuwa hai: betri ya lithiamu ukiiweka bila kuitumia usiijaze pomoni, wala usiiache tupu, iache nusu, mahali pakavu penye ubaridi, uwe unaitazama mara kwa mara. Chaja ilikuwa kabatini, waya wake umeviringishwa na kufungwa kwa mpira. Na hapakuwa na mtu mwingine aliyeishi katika nyumba ile.

Akaigusa. Ilikuwa ya baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu, na ilinuka theluji mbichi.

Akajiambia kuwa amesahau tu. Mjane anayeishi peke yake husahau mengi. Akairudisha ndani ya chungu chake cha mchanga, isije ikashika moto, akafunika, akaenda kuosha mchele.

Pengine unajiuliza betri inatafuta nini madhabahuni, kati ya kibakuli cha wali na kikombe cha chai ya marehemu. Subiri kidogo. Kenzō alikuwa mtu wa redio, tena si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Wapo wengi huko Tsugaru, kaskazini mwa Japani, wenye ugonjwa huo: wanapanda mlimani na redio begani na antena ya mkononi iliyo kama mifupa ya samaki, wanangoja setilaiti ndogo ichomoze upande wa bahari, na kwa zile dakika chache inapokatiza angani wanasalimiana kupitia hiyo na mtu aliyeko Korea au Siberia, wanatajiana vituo vyao, basi, imezama, wanarudi nyumbani wakichekelea kama waliookota dhahabu. Wake zao huwacheka. Mitsue na Setsuko, mke wa Narita, mwenzake Kenzō wa redio, waliwacheka pamoja miaka mingi, kama walivyocheka mengine tangu wakiwa wasichana wa kuchuma matufaha.

Kwa watu hawa betri ndiyo uhai. Baridi ya kule huinyonya nguvu upesi, kwa hiyo mlimani mtu huibeba betri yake ya akiba tumboni, chini ya sweta. Na kila mmoja hubandika utepe juu ya betri yake, ameandika jina lake na tarehe aliyoichaji mwisho. Kuchukua betri ya mwenzako bila kumwambia ni jambo ambalo hata mlevi wao halifanyi.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, Kenzō na Narita walipanda pamoja. Narita aliteremka mapema, akasema goti linamsumbua. Kenzō akabaki kuingoja setilaiti ipite mara ya pili. Dhoruba ya theluji ikaufunika mlima. Wenzao waliokuwa nyumbani walimsikia redioni akisema amepotea njia, akaanza kutaja yuko upande gani, redio ikakatika. Walimkuta ameganda, ameikumbatia.

Waliporudisha mkoba wake, Mitsue aliufungua mwenyewe. Betri iliyokuwa ndani ya redio haikuwa ya Kenzō. Ilikuwa kuukuu, imevimba tumbo, na utepe wake ulikuwa na jina la Narita. Ile nzima ya Kenzō iliteremka mlima siku ile chini ya sweta la mtu mwingine.

Hakumwambia mtu. Narita alikuja msibani na bahasha ya rambirambi, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema pole shemeji, basi. Wenzake waliomteremsha Kenzō mlimani nao walinyamaza, maana yeye ndiye mwenyekiti wao, na mji mdogo unajua kunyamaza. Mitsue akaichukua ile betri akaiweka mbele ya picha. Akaihuisha polepole, akaitunza kuliko Narita alivyowahi kuitunza. Akiulizwa na nafsi yake, alisema ni shahidi. Lakini kila alipoitazama alitamani jambo moja: Narita arudi nyumbani siku moja akute kimya, bakuli moja, tandiko moja la kulalia. Na yeye aonje.

Wiki ile ile betri ilipojaa yenyewe, Setsuko alikuja na figili za kuloweka. Wakakaa kwenye meza fupi yenye kipasha-moto chini yake, miguu ndani ya blanketi, na Setsuko hakugusa chai.

"Mitsue," alisema kwa sauti ya chini, "nyumba yetu imeingiwa na kitu."

Akaeleza. Kwanza ilisimama saa ya ukutani. Halafu tochi. Halafu rafu nzima ya betri za redio ambazo Narita alikuwa ameziweka nusu kwa ajili ya majira ya baridi. Alizikuta tupu kabisa, zimeota barafu kama zimelala nje. Na kila mara ni mchana, baada ya kula, watu wanapojinyoosha. Kunasikika hatua kwenye ngazi, nyepesi, za mtu aliyevaa soksi. Zinasimama mlangoni. Inakuja harufu ya ubani, na nyuma ya ubani harufu ya theluji.

"Mume wangu hataki nitaje jina," alinong'ona. "Lakini mimi nadhani ni Kenzō. Shoga, niambie, alikufa na kinyongo?"

Mitsue alisema hajui. Tuseme ukweli: alifurahi. Alifurahi, akainamia kikombe chake ili uso wake usionekane. Setsuko alipoondoka, alimimina pombe ya mchele kwenye kikombe kidogo, akaiweka mbele ya picha.

"Endelea, mume wangu," alisema. "Usimhurumie."

Siku iliyofuata, alipoamka mchana, betri ilikuwa imejaa tena. Soksi zake zilikuwa zimelowa. Akatazama darini kama panavuja, hakuona kitu, akazianika.

Mambo yakaendelea. Gari la Narita liligoma uani. Kidude chake cha kumsaidia kusikia kilizimika sikioni katikati ya mkutano wa watu wa redio, akabaki ametumbua macho huku wenzake wakichezesha midomo. Mitsue alimwona sokoni, macho yameingia ndani, akigeuka kutazama nyuma kila hatua, na siku hiyo alikula akashiba kama hajala tangu msiba.

Kisha Setsuko akapiga simu. Mitsue alijua, kama wote walivyojua, kwamba Setsuko alikuwa na kidude kifuani, kidogo kama biskuti, kinachoushtua moyo wake usisahau kudunda. Kina betri yake ndani, na betri ile ilitakiwa idumu miaka mingi. Hospitali walikipima jana wakakuta imebaki kidogo sana. Daktari hajawahi kuona. Upasuaji wa kukibadilisha umepangwa Jumatatu.

"Kile kitu kilikuja mpaka nilipolala," Setsuko alisema, na Mitsue alilazimika kuibana simu sikioni ili amsikie. "Kikaniwekea mkono kifuani, juu ya kidude. Mkono mdogo. Mwanzoni sikuogopa, unajua? Niliona kama mkono ninaoujua."

Mitsue alikata simu akaanguka magotini mbele ya picha, akamwomba Kenzō, akamwambia siyo huyu, ni Narita, huyu hana kosa, huyu ndiye aliyemshika yeye Mitsue mikono siku ya kuchoma maiti. Akaitoa betri mchangani, akaiona imevimba zaidi na taa zake zote zinawaka, akaunganisha nayo balbu ya gari ili imalizike, akakaa anaitazama ile balbu ikiwaka nyeupe, ikawa ya njano, ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikafa, na kwa kuwa alikuwa amelia sana na amechoka sana kichwa chake kikainamia mkeka hapo hapo, na alipokiinua betri ilikuwa imejaa, soksi zake zimelowa hadi vifundoni, na kiganja cha mkono wake wa kulia kimeganda, cheupe, hakisikii kitu.

Akaenda kwa Bibi Kasai. Ni kipofu, mmoja wa wale wanawake wachache waliobaki ambao huita wafu wakasema kwa vinywa vyao. Alimkaribisha, akauliza jina la marehemu na siku aliyokufa, akaanza kusugua tasbihi yake ndefu iliyochanganywa na meno ya wanyama, akiimba kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Kuimba kukakoma. Mabega ya bibi yakalegea, yakawa mabega ya mwanamume aliyechoka.

"Mke wangu, usiniwekee pombe tena," alisema. "Mimi siko huko. Siku zangu zilipotimia nilikwenda zangu."

"Basi ni nani anayekwenda kwa Narita?" Mitsue aliuliza.

"Ni wewe. Ukilala unatoka. Nakuona ukipita kwenye theluji na soksi zako."

Mitsue akazitazama soksi zake. Bibi Kasai akavuta pumzi, sauti yake ikarudi, akapapasa mpaka akakishika kile kiganja kilichoganda, akakikanda taratibu. Akasema pepo la maiti lina dawa, unalisomea linaondoka, lakini hili ni la mtu aliye hai, na la namna hii halifukuziki, maana mwenyewe yupo anakula na kunywa na kulilisha. Kitu cha adui ukikiweka nyumbani ukakitunza kwa chuki, kinakufungulia njia ya kwake. Na pepo lako linakwenda kutafuta kile unachokitamani, siyo kile unachojiambia unakitamani.

"Unamtamania nini huyo mwanamume, mwanangu?"

Mitsue akamwambia. Nyumba yenye kimya. Bakuli moja. Na aliposema hivyo akaelewa ni kwa nini mkono wake ulikwenda kifuani mwa Setsuko, akafunika uso.

"Katupe hiyo betri," alisema bibi, "ingawa njia umeshaijua hata bila hiyo. Halafu mwite huyo bwana aseme alichofanya. Akisema, hasira itakosa chakula. Mpaka aseme, usilale."

Ilikuwa Alhamisi. Mitsue aliitumbukiza betri katika ndoo ya maji ya chumvi mpaka ikafa, akaipeleka inakopelekwa taka za namna hiyo. Kisha akakaa macho. Alikunywa kahawa chungu, alijipaka theluji usoni, alisafisha njia ya ua ambayo ilikuwa safi. Usiku na mchana alitembea chumba hadi chumba, akijua kwamba akifumba macho kidogo tu Setsuko hataiona Jumatatu.

Jumamosi mchana walikuja wote wawili, kwa kuwa aliwaomba. Midomo ya Setsuko ilikuwa na rangi ya zabibu. Narita alikaa ameinamisha kichwa, mzee ghafla, na kwa mara ya kwanza Mitsue alimwonea huruma kidogo.

"Shemeji," alimwambia, "sitaki fidia wala sitamwambia mtu. Ile betri siku ile. Niambie tu kama ilivyokuwa. Nakuomba."

Alimwomba kweli. Aliweka mikono juu ya mkeka akainama kama yeye ndiye mkosaji. Narita alifungua mdomo. Akamtazama mkewe, akatazama picha ya Kenzō, na kwa muda ilionekana kama atasema. Kisha akashika kikombe chake cha chai.

"Siku ile baridi ilikuwa kali sana, shemeji. Betri zenyewe zinafanana. Nadhani Kenzō mwenyewe ndiye aliyechanganya. Alikuwa na haraka siku zote, unamjua. Tuyaache yaliyopita."

Setsuko aligeuzia uso ukutani. Mitsue akanyanyuka, akamwongezea Narita chai, bila kumwaga hata tone.

Narita alitangulia nje kuwasha gari. Setsuko alibaki mlangoni akihangaika na mabuti, akipumzika kati ya mguu mmoja na mwingine. Alipomaliza aliushika mkono wa rafiki yake.

"Macho yako mekundu. Hujalala?"

"Tangu juzi."

"Jamani, Mitsue. Nenda ukalale, shoga yangu. Jumatatu nataka ukija kuniona uwe na nguvu."

Mitsue alitaka kumwambia. Alilishika lile neno mdomoni mpaka gari likaondoka, likapotea kwenye kona. Akarudi jikoni. Birika lilikuwa linachemka kwa ajili ya kahawa. Zilibaki siku mbili, na angeziweza. Mwanamke aliyestahimili shida peke yake hashindwi na siku mbili. Akawaza Narita akisema Kenzō mwenyewe ndiye aliyechanganya. Akamwaza Narita akirudi kutoka hospitalini, anafungua mlango, anaita, haitikiwi.

Akazima moto chini ya birika. Akatoa mto kabatini, akajilaza kando ya meza, akavuta blanketi hadi mabegani. Alimlilia Setsuko, tena kwa machozi ya kweli, mpaka usingizi ukamchukua.